Lainbeka wa Bellevue na Mfungo wa Mama Yake

Watu wakimwona Hénock mlangoni pa lile ghorofa la Hillbrow, hapa Johannesburg, sare ya ulinzi ikimbana tumboni, wanacheka. "Eish, huyu askari mwizi akikimbia atamfukuza kwa macho." Mimi nikiwa karibu nawarukia hapo hapo. Mnacheka nini ninyi? Huyo alicheza mpira wa kulipwa Ulaya. Alilipwa kuangusha wanaume wenye mabega mapana kuliko mlango wa nyumba zenu. Hawaniamini, wanaenda zao. Basi wewe kaa nikueleze, maana jezi zake zote zilipita kwenye cherehani yangu, na mambo mengine yalipita kwenye masikio yangu ambayo afadhali ningekuwa kiziwi.

Mimi ni Capitoline, Mrundi wa Rumonge, mshonaji. Tunapanga Bellevue, kwenye nyumba ya zamani ambayo mwenyewe ameikatakata vyumba kwa mbao. Kati ya chumba changu na cha Brigitte kuna ubao mmoja tu, na ubao huo haufichi hata kikohozi. Brigitte ni Mkongomani wa Uvira, anasuka nywele kwenye saluni ya Yeoville. Jina lake hilo halitumiki. Anaitwa Mama Hénock, na ukimwita vinginevyo hageuki. Watoto wawili aliwazika Uvira. Wa tatu alimbeba mgongoni mpaka huku, na huyo ndiye Hénock.

Kijana alikua mrefu, mpana, mpole. Shuleni alicheza raga kwa sababu walimu waliona mabega yale wakasema hayafai kukaa bure. Alipomaliza shule, mwaka 2015, hakuna klabu ya raga iliyomtaka. Walichukua wenzake, yeye wakampa mkono wa kwaheri. Akazunguka mwezi mzima na uso umeanguka, mama yake akimwambia, "Papa, Mungu hajalala." Kina mama wa Kongo humwita mtoto wa kiume papa, kwa mapenzi.

Siku moja akaja kwangu na suruali imepasuka kutoka kiunoni hadi gotini.

"Tantine Capi, nishonee."

"Umepigana?"

"Hapana, ni mpira."

"Mpira gani huo unaokula suruali?"

Ndipo akanieleza. Pale uwanja wa Bezuidenhout kulikuwa na vijana waliokuwa wakicheza mpira wa Kimarekani, ule wa kuvaa kofia ngumu na mabega ya plastiki, wakigongana kama wana deni la damu. Timu yao waliiita Kifaru. Yeye walimweka lainbeka. Kwa lugha yangu mimi mshonaji, lainbeka ni yule anayesimama nyuma ya wale wanene wa mbele, anatulia, anamsoma mwenye mpira atapita wapi, halafu anamfuata na kumlaza chini. Nilikwenda kumwangalia Jumapili moja baada ya misa. Mana yanje! Yule mtoto mpole aliyekuwa akinibebea mitungi ya gesi alimpiga mtu nikasikia mlio mpaka kwenye nyasi nilipokaa. Kisha akamnyanyua, akampangusa vumbi, akamwuliza kama ameumia. Nikasema huyu amepata kazi yake.

Miaka miwili alicheza hivyo. Mchana alibeba mizigo kwenye maduka ya Marshalltown, jioni akakimbia. Mimi nilishona namba kwenye jezi, nikarudishia kamba za mabega, nikapanua suruali kila alipoongezeka. Mama Hénock hakuuelewa mchezo hata kidogo. Alielewa jambo moja tu: kwamba mwanawe akitoka pale uwanjani anacheka.

Mwaka 2017 habari ikafika. Makocha wa ligi ya kulipwa ya Ujerumani wangekuja Johannesburg, Jumamosi moja ya Septemba, kupima vijana. Wangewapima uzito, wangewakimbiza, wangewagonganisha, na jioni wangesoma majina ya wanaowataka. Jina likisomwa, unapanda ndege. Lisiposomwa, unapanda teksi ya kurudi nyumbani.

Hapo ndipo Mama Hénock alipoamua kumsaidia mwanawe kwa njia anayoijua. Wenzangu, kila mtu ana silaha yake. Mimi Mkatoliki nawasha mshumaa, nasema rozari, nakula ugali wangu. Kanisa la Mama Hénock, lililokuwa juu ya duka la mablanketi kule Marshalltown, silaha yao ni kufunga. Na si kufunga kwa mzaha. Ukiwa na shida kubwa unafunga mfungo mkavu, siku tatu, hata tone la maji halipiti kooni, na siku ya tatu ndiyo mbingu inafunguka. Pasta Ezéchiel mwenyewe, mtu wa haki, alimwambia mbele yangu: "Mama, kijana ana kazi ya nguvu, wewe una sukari. Wagonjwa na wenye kazi nzito Mungu anawaelewa. Mpelekeni uwanjani ameshiba, sisi wengine tutafunga." Mama Hénock akatikisa kichwa. Baraka ya mtoto wake haiombwi na tumbo la mtu mwingine. Watafunga yeye na Hénock, Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi, na jioni ya Jumamosi wafungue kwa furaha.

Na Hénock akafunga. Nilimwuliza, wewe kijana una akili? Akasema, "Tantine, Mama amenibeba kutoka Uvira. Siku tatu ni nini?"

Asubuhi ya Jumamosi mama mtu alikwenda saluni, kwa sababu mwenye saluni hakumpa ruhusa, akasema ataomba huku mikono ikisuka. Mimi nikaenda na kijana, sindano na uzi kwenye mkoba. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Walipomweka kwenye mizani, kocha alitazama karatasi, akatazama mizani, akamwambia ashuke apande tena. Alikuwa amepungua. Wakamkimbiza. Mara ya kwanza alikimbia vizuri. Mara ya pili nyama za paja zikakaza, akaanguka kifudifudi, akanyanyuka, akajaribu, akaanguka tena. Kwenye kugongana, kijana ambaye Hénock alikuwa akimlaza kila Jumapili alimsukuma kwa mkono mmoja. Nilisimama pale na chupa ya maji mkononi, nikamfuata mpaka pembeni. "Kunywa," nikamwambia. "Mungu si mchawi, kunywa!" Akasema hapana, alimwahidi mama.

Jioni wakasoma majina. Hakuwamo.

Njiani akanishika mkono. "Tantine, nakuomba. Usimwambie Mama kwamba ni njaa. Sema wenzangu walikuwa wazuri zaidi."

Mimi mdomo wangu haujazoea kulala. Ila alivyoniomba, na macho yale, niliumeza ukweli.

Kumbe mambo bado. Kesho yake, Jumapili, Mama Hénock akaingia chumbani kwangu, akafunga mlango, akakaa sakafuni kama msibani. "Capi, ni mimi nimemwangusha mtoto."

Nikadhani amejua.

"Jana asubuhi saluni, kichwa kilizunguka," akasema. "Ile sukari. Mikono ikatetemeka, nikashindwa kushika nywele za mteja. Murielle, yule msichana tunayesuka naye, akanipa chai ya maziwa. Nikanywa, Capi. Kikombe kizima. Saa ile ile mtoto wangu yuko uwanjani anakimbia, mimi nakunywa chai! Yeye amefunga, mimi mama yake nimefungua. Mungu atanisikiaje?"

Nilimwambia chai haina kosa, sukari ni ugonjwa, Mungu si karani wa vikombe. Hakusikia neno. Alilia mpaka kitambaa chake cha kichwa kikalowa.

Nikamfuata Hénock uani. Nikamwambia mweleze mama yako ukweli, anajiua bure kwa kikombe cha chai. Akasema, "Tantine, nikimwambia ukweli, atajua kwamba alichoniangusha nacho ni maombi yake. Acha ailaumu chai. Chai haina moyo."

Alikuwa na busara ya mtu mzima, na busara ile ile ndiyo iliyokuja kutuua.

Mwaka uliofuata, Juni 2018, simu ikalia. Mmoja wa vijana waliochaguliwa alivunjika mkono kule Ujerumani, na kocha mmoja alimkumbuka yule mrefu aliyekuwa akianguka na kunyanyuka. Hawakumsoma kwenye majina, wakamchukua kwa mlango wa nyuma. Yoo, vigelegele vya siku ile! Mama Hénock alipiga magoti barabarani, magari yakapiga honi pale kwenye robot, zile taa za barabarani. Nilimshonea kijana shati la kitenge, akapanda nalo ndege.

Na alicheza, usije ukasikiliza wanaocheka. Alianza kwa kukaa benchi, akawa anaingizwa dakika za mwisho, halafu wakampa nafasi yake kabisa. Alituma video kwa simu. Tulikuwa tunakusanyika saluni, wanawake wenye nywele nusu zimesukwa, tunamtafuta mwenye namba niliyozoea kuishona. Mama Hénock aligusa kioo kwa kidole. "Huyu. Huyu hapa ni wangu." Alipomwangusha mtu tulipiga kelele mpaka wenye maduka ya jirani wakaja kuuliza nani amekufa.

Septemba ya mwaka huo huo goti likakatika. Hakugongwa hata na mtu, aligeuka tu, mguu ukabaki. Walimpasua, wakamtibu vizuri, siwasemi vibaya. Msimu ukaisha, wakamshukuru, wakamnunulia tiketi. Ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa anazaa dume. Alirudi na magongo. Mama yake alimpokea uwanja wa ndege, akamshika goti lile kwa mikono miwili mbele ya watu wote, akaniambia kwa sauti ya chini, "Ni ile chai, Capi. Bado inamfuata."

Nikamtazama Hénock. Alikuwa anatazama chini.

Alipopona kidogo akapata kazi ya ulinzi Hillbrow, na kila asubuhi kabla ya zamu akapanda na kushuka ngazi za lile ghorofa mpaka goti likakubali. Tena akaanza kukimbia Bezuidenhout. Yule kocha hakumsahau. Akampigia: timu nyingine inakuja Johannesburg mwezi Agosti, mwaka huo wa 2019, uje upimwe. Umri unasogea, hii ndiyo ya mwisho.

Mama Hénock aliposikia, uso wake ukatulia kwa namna ambayo haikunipendeza. Akasema atafunga. Siku saba, mkavu. Zile siku tatu alizoharibu, na nyingine juu yake. Pasta Ezéchiel akamkataza, akakasirika kabisa, akamwambia mbele ya kanisa zima kwamba mgonjwa kufunga hivyo ni kumjaribu Mungu. Akaitikia "amina", akarudi nyumbani akafunga.

Nikamwambia Hénock, sasa sema. Leo. Akasema atasema baada ya majaribio, Jumamosi ile ile, aende na akili imetulia. Alimdanganya mama yake kwamba naye amefunga, na kila siku alipita kwangu akala: ugali, maharage, dagaa, mayai. Alikula ameinama, bila kugonga kijiko kwenye sahani, kwa sababu ya ule ubao. Ng'ambo ya pili tulikuwa tunamsikia mama yake akiomba, sauti ikikauka siku hadi siku. Siku ya nne na ya tano nilimwendea na kikombe cha maji. Alinigeuzia mgongo.

Jumamosi nikaenda tena uwanjani, simu ya kijana kwenye mkoba wangu. Na nikuambie, alikuwa moto. Alikimbia kama hajawahi kupasuliwa. Kwenye kugongana walimletea watu, akawalaza. Wakamletea mkubwa zaidi, akamlaza, akamnyanyua, akampangusa vumbi. Makocha wakatazamana. Mmoja akamwambia apumzike, mchana wanacheza pande mbili, yeye ndiye atakayeongoza walinzi wote. Alinitazama kutoka mbali akanyoosha kidole gumba. Nililia kwa furaha, mimi mtu mzima.

Simu ikalia mkobani. Ni Murielle wa saluni. Mama Hénock ameanguka, amepelekwa hospitali, hasemi.

Nilisimama na ile simu. Ningeweza kunyamaza mpaka jioni. Lakini tulikuwa tumenyamaza vya kutosha, nilikuwa nimeshiba kunyamaza. Nikavuka uwanja, nikamwambia. Alivua kofia ngumu akaiweka kwenye nyasi, polepole, kama mtu anayerudisha kitu cha watu. Kocha akamwita, akamwita tena. Tulikuwa tayari barabarani tunasimamisha teksi.

Tulimkuta hospitalini amezinduka, macho yameingia ndani. Nesi alikuwa amekasirika. Mara mbili wamemchoma dripu, mara mbili ameichomoa. Alipotuona akajitahidi kukaa. "Papa, wanataka kunitia maji kwa mshipa," akasema. "Maji ni maji. Nimewaambia nimefunga. Umechaguliwa?"

"Mama, acha wakuwekee."

"Umechaguliwa? Kwa nini uko hapa? Rudi uwanjani! Mimi safari hii sijaonja hata tone. Safari ile nilikunywa chai, papa, nisamehe. Nilikunywa chai ndiyo maana ulianguka. Leo hakuna kitakachokuangusha. Rudi!"

Nesi aliniambia kwa Kiingereza pembeni kwamba asipopata maji hatafika jioni. Hénock alisikia. Alipiga magoti na viatu vyake vya njumu kwenye sakafu ile inayong'aa, udongo ukidondoka, akashika mkono wa mama yake.

"Mama, si chai."

"Ni chai."

"Si chai. Sikuanguka kwa sababu ulikunywa. Nilianguka kwa sababu mimi sikunywa. Nilikuwa na njaa, Mama. Nilikuwa na kiu. Sikuwa na nguvu, ndiyo hiyo tu. Leo nimekula. Wiki nzima nimekula kwa Tantine Capi. Nimekula na nikakimbia, na walinitaka."

Mama Hénock akanitazama mimi. Nikaitika kwa kichwa, nisingeweza kufanya vingine. Akamrudia mwanawe, akamtazama muda mrefu, akipitisha macho usoni pake, mabegani, kwenye lile goti.

"Basi ni mimi," akasema.

"Hapana, Mama."

"Ni mimi. Nilikunyima maji, mtoto wangu."

Kijana akasema hapana, hapana, akaweka paji la uso kwenye kitanda. Mama yake hakulia. Alimgeukia nesi, akanyoosha mkono, kiganja juu, akageuza uso ukutani wakamchoma. Chupa ile yote ikaingia, na nyingine.

Timu ilisubiri mpaka mchana, haikusubiri zaidi. Haikupiga simu tena, na Hénock naye hakuitafuta. Nilimwuliza mara moja kwa nini. Akasema, "Tantine, nikienda tena atafanya nini? Hawezi tena kuomba." Na ni kweli. Kanisani anakwenda, anakaa kiti cha nyuma, wenzake wakiinua mikono yeye ya kwake iko mapajani. Ng'ambo ya ubao hakuna sauti.

Anapika tu. Anaamka anapika fufu, sombe, samaki, maharage, wali juu yake, chakula cha watu watatu. Anakifunga kwa kitambaa, anachukua chupa kubwa ya maji, saa sita anatoka saluni, anapanda teksi mpaka Hillbrow. Anampa Hénock pale mlangoni, halafu hakai, anasimama. Anasimama mpaka amalize. Hénock alishamwambia kazi yake sasa ni ya kukaa, chakula ni kingi, kinamzidi. Mama anasogeza sahani.

Ndiyo maana amenenepa hivyo. Juzi nilipita pale na kitambaa cha mteja nikawakuta. Alikuwa ameshashiba, nilimwona anavyomeza kwa shida, jasho linamtoka. Mama yake alikuwa amesimama mbele yake na chupa ya maji ameikumbatia.

"Kunywa, papa," akasema.

Akanywa yote.